Jeneza Lililotangulia

Zaituni mwanangu,

Salamu nimekupa tangu asubuhi kila tulipopishana ukumbini, na nyingine nitakupa kesho kwenye lori, kwa hiyo hapa nitazipunguza. Umetoka kwenda kuwaaga majirani, na ninavyokujua, kwa Mama Rehema peke yake utakunywa chai mara mbili. Nimefunga karakana mapema, nimepangusa vumbi la mbao kwenye meza ya kazi, nimekaa kuandika kabla adhana ya magharibi haijanikuta. Mlango wa ua ukilia nitajua umerudi, nitaificha karatasi. Najua unavyonitania kuhusu mlango huo, kwamba fundi gani anatengeneza milango ya mji mzima na wake unapiga kelele kama mbuzi aliyefungwa. Nitakuja kuusema mwishoni.

Nikikuambia haya kwa mdomo nitaanza kukohoa na kukuuliza kama umefunga sanduku vizuri, nawe utacheka, na yatapita kama yalivyopita miaka yote. Mambo ya safari shangazi yako Hadija amekwisha kukuambia, tena kwa kurudiarudia: pesa ufunge kwenye pindo la leso, usikae karibu na mapipa ya mafuta, ukifika Kisumu uulize njia kwa mwanamke mwenye mtoto. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kujibu swali uliloniuliza juzi ulipokuwa ukikunja nguo. Ulisema, "Baba, nyanya ameshazikwa. Mama anasubiri nini huko Magwagwa?" Nikakuambia kamba ya sanduku imelegea, nikainama kuikaza. Haikuwa imelegea.

Siku zote ulipouliza nilikujibu kwamba mama yako anamuuguza nyanya yako. Ilikuwa kweli, lakini kilikuwa kipande tu cha kweli. Kipande kilichobaki kila mtu Magwagwa anakijua, hata watoto wachungao mbuzi, na wajomba zako wamekuwa na adabu ya kutokukuambia. Nakuambia mimi kwa sababu unakwenda kujifunza uuguzi, na kwa sababu nilikusikia ukiwaahidi akina mama wa kikundi cha Nyaramba kwamba ukimaliza masomo utakuwa unapanda kule siku zako za mapumziko, uwasaidie waja wazito wao bila kutaka hata senti. Nilifurahi niliposikia. Kisha nikaogopa, maana niliisikia sauti yangu ya ujana ikitoka kinywani mwako.

Ulikuwa bado unajifunza kutembea wakati akina mama wa kanisa la Magwagwa walipounda kikundi chao cha kuzikana. Watu wa kule walikuwa wameanza kuzika kwa majeneza, kama walivyoona misheni, na jeneza la kununua mjini lilikuwa la mwenye ng'ombe wengi. Mkubwa wa kikundi, Mama Kerubo, yule mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, aliteremka mpaka karakana yangu akaniuliza kama ningeweza kuwapunguzia. Nikamwambia walete mbao tu, mikono yangu ni bure. Mke wangu ni binti yao, ningewatoza kitu gani?

Wakadhani mimi ni mtu mwema, na mimi nikadhani hivyo hivyo. Lakini nitakuambia nilichopenda. Sisi watu wa mjini, babu yako akiwa ametoka Tabora na mizigo ya watu kichwani na kubaki hapa, kule juu tulikuwa watu wa kofia na duka tu. Nilipokwenda kwa wakwe niliketishwa mahali pazuri, nikapewa chakula kizuri, na hakuna aliyeniuliza lolote la maana. Baada ya majeneza mawili matatu nikawa "fundi wetu." Nikipita njiani wazee wananisimamisha. Wenzangu msikitini walinitania kwamba nawajengea watu nyumba ambayo mimi mwenyewe sitalala, kwa kuwa sisi hatuzikwi na sanduku. Nikawa nacheka nao, lakini nilikuwa nimelewa ile "asante," Zaituni. Nilikuwa naingoja kama mlevi anavyongoja jioni.

Halafu alikufa mzee Nyakundi, mwalimu wa katekisimu. Mbao walizoleta zilikuwa za mkaratusi, mbichi, zimetoka kwenye shimo la wapasua mbao siku ileile, ukizigusa zinaacha maji mkononi. Nilijua hazifai. Lakini walikuwa wakingoja na mimi sikutaka kuonekana wa kutafuta visingizio, nikapigilia. Siku ya maziko mvua ilinyesha, wabebaji wakateleza kwenye ule mteremko ulio nyuma ya kanisa, na ubao wa chini ukaachana na misumari. Mguu wa marehemu ukatoka. Akina mama walivua leso zao haraka wakamzungushia, wakaendelea kuimba kama hakuna kilichotokea.

Baada ya maziko hakuna aliyenilaumu. Nilipewa kipande kizuri cha kuku na Mama Kerubo akanishukuru mbele ya watu. Ningekuwa nimelipwa, mtoto wa Nyakundi angenikamata shati, na ingekuwa haki yake. Kwa sababu nilifanya bure, walimeza. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba heri wangenitukana. Yeye akaniambia niende kwa yule kijana nimwombe radhi, basi. Sikwenda. Nilikwenda kununua mbao za msaiprasi, nikazipanga darini karakanani zikauke, nikaapa kwamba kazi yangu haitapasuka tena mbele ya watu. Zile ulizokuwa ukizipanda na kujificha, ndizo hizo. Unaona nilivyolielewa jambo lile: niliona kosa la mbao tu.

Sasa nikueleze kitu cha kwetu, ndipo uelewe kilichofuata. Bibi yako aliyenizaa, Mungu amrehemu, aliweka sanda yake ndani ya sanduku miaka mingi kabla hajafa. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, aliitoa akaianika juani, akaikunja upya na karafuumaiti, huku akiongea habari za bei ya mchele. Sisi watoto tulimsaidia kuikunja. Kwangu mimi, kumwandalia mtu safari yake mapema ni heshima, ni mapenzi hasa. Nilikua hivyo. Sikuwahi kukaa nikajiuliza wenzangu wamekua vipi.

Ulikuwa umeng'oka meno ya mbele nyanya yako Kemunto alipougua ile mara ya kwanza. Mama yako alitangulia kwenda kumtazama, akakuacha na mimi. Baada ya siku chache mtu mmoja aliyekuja sokoni akaniletea maneno ya Mama Kerubo: mkwe wako amezidiwa, hasemi, na mkeo anasema uje. Hayo tu. Hakuna aliyetaja jeneza. Niliitwa kama mkwe, na mimi nikasikia kwamba ameitwa fundi. Kabla sijatafuta hata kofia yangu, nilikuwa nimekwisha shika msumeno.

Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na sitaifanya tena. Misumari ilikuwa adimu tangu vita, kwa hiyo pembe nilizikutanisha kwa meno ya mbao, zikaumana hata wembe usipite. Nilipiga randa mpaka ubao ukawa laini kama shavu lako. Kwenye kifuniko nilichonga msalaba mdogo, mimi niliyehitimu Kurani chuoni kwa Maalim, nikiamini Mungu ananielewa. Urefu sikumuuliza mtu. Nilimkumbuka nyanya yako akiwa amesimama mlangoni pake, kilemba chake kilipofika kwenye mwamba wa mlango, nikapima kwa kumbukumbu. Nililia nikifanya kazi ile. Nilimpenda yule mzee. Alikubali binti yake aolewe na mtu wa kofia wakati wajomba zako walikuwa bado wanakunja uso.

Nikaomba nafasi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja, na barabara ilipokwisha vijana wanne wakanisaidia kubeba. Tulipita katikati ya migomba, tukaingia uani kwa nyanya yako na jeneza mabegani. Alikuwa amekaa nje kwenye ngozi, anaota jua. Mama yako alikuwa amepiga magoti mbele yake akimnywesha uji wa wimbi kwa kibuyu.

Homa ilikuwa imemwachia alfajiri ile.

Nakumbuka kuku walivyoendelea kuparua kana kwamba hawajaona. Vijana walitaka kulishusha na hawakujua waliweke wapi, maana kuliweka chini kulikuwa kubaya na kuendelea kulibeba kulikuwa kubaya. Mjomba wako Mogaka akatoka nyumbani mwake na jembe mkononi. Hakupaza sauti.

"Shemeji, hii umeletea nani? Hapa hakuna mtu amekufa."

Nikaanza kueleza habari za mbao kukauka. Zaituni, nilieleza habari za mbao. Nilisikia sauti yangu ikiwaambia watu wale faida za msaiprasi juu ya mkaratusi, na sikuweza kuinyamazisha. Nyanya yako alilitazama lile sanduku kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema neno kwa Kikisii, na akasema polepole. Mama yako akainamisha kichwa. Mimi Kikisii changu cha sokoni kilitosha kulielewa.

"Urefu wangu huyu ameuona wapi?"

Wewe umelelewa pande zote mbili, unajua ensoni ni nini. Ni ile haya kati ya mkwe na mama wa mke, inayomfanya mtu apishe njia, asile mbele yake, asimtazame usoni kwa muda mrefu. Na mimi nilikuwa nimemtengenezea kitanda cha mwisho kwa kipimo chake, mbele ya watoto na wajukuu zake, kwa maana kwamba macho yangu yalimpima mwili. Hilo peke yake lingetosha. Juu yake kulikuwa na lile lingine, kwamba kwao kumwandalia aliye hai ni kumwita yule anayechukua watu, na akishaitwa haondoki mikono mitupu. Kwangu ilikuwa sanda ya mama yangu inayoanikwa juani. Kwao nilikuwa nimeleta mauti begani na kuyatua katikati ya ua.

Jeneza halikuweza kurudi mjini, wala halikuweza kuchomwa, wala kukaa. Wazee waliitwa. Mimi nikatoa kondoo. Wakaamua kama wanavyofanya kaburi likichimbwa kwa makosa: wakakata mgomba, wakaupunguza ukaenea, wakaulaza ndani ya lile sanduku langu lenye pembe zisizopitisha wembe, wakafunika. Wakauzika chini kule karibu na mpaka wa shamba. Nilisaidia kubeba. Mgomba mbichi ni mzito kama mtu, na ulikuwa ukidondosha maji kupitia vidole vyangu. Nyanya yako alikaa palepale kwenye ngozi akatazama mpaka udongo wa mwisho.

Mama yako alinisindikiza mpaka njiani. Nilidhani atanifokea, na nilikuwa tayari. Aliniambia, "Nenda kwa mtoto. Mimi nitakaa na mama." Nilielewa ni wiki moja, au mpaka mzee apate nguvu. Yeye alimaanisha kwamba kama kuna kitu kimeitwa pale, mtu mmoja lazima akae mlangoni akizuie, na mimi niliyekiita siwezi kuwa mlinzi huyo. Nyanya yako akaishi. Aliishi miaka, akalima, akatania watu, akakufundisha wewe kusonga obokima, ule ugali wa wimbi, usioshika kwenye mwiko. Na kila mwaka alioishi ulikuwa mwaka ambao mama yako hakurudi. Sikuweza kuomba umalizike. Unaelewa shida yangu? Mtu pekee aliyekuwa amesimama kati yangu na mke wangu alikuwa mzee niliyempenda, na kumtakia lolote baya kungekuwa kulipeleka lile sanduku mara ya pili.

Ndiyo maana ulipelekwa Magwagwa kila likizo, na mimi nikawa naishia kwenye njia panda, nikikukabidhi sukari na mafuta ya taa. Ndiyo maana mama yako alikuja mjini Idi mbili tu katika miaka yote hiyo, akalala chumbani kwa shangazi yako, akakusuka nywele, akaondoka.

Baadaye nikafanya jambo lingine ambalo lilikuumiza wewe zaidi. Nilikasirika. Nilijiambia kwamba nimewapa mikono yangu bure na hivi ndivyo walivyonilipa. Kamati ya msikiti ikaniomba nitazame mimbari iliyoliwa na mchwa, nikasema sina nafasi. Mwalimu wako mkuu akaja kuomba wazazi mafundi wasaidie madawati, nikamtajia bei kama mtu wa duka. Ulikaa sakafuni mwaka mzima, Zaituni, wewe na wenzako, baba yako akiwa fundi wa mbao umbali wa mtu kurusha jiwe. Ulirudi nyumbani na vumbi jekundu nyuma ya sketi na hukusema kitu. Shangazi yako ndiye aliyesema, siku alipokuwa akiifua. Alisema anashangaa nguo ya mtoto wa seremala inavyochakaa kwa chini. Nilikwenda kutengeneza madawati wiki ile, lakini mwaka wako ulikuwa umekwisha potea.

Nilichojifunza sikujifunza kwa hekima, nilijifunza kwa uchovu. Vijana wa Nyaramba walikuja kutaka niwajengee paa la shule yao. Sikuwa na nguvu za kujionyesha tena, nikawauliza wao wanataka nini hasa. Wakatazamana. Mmoja akasema paa wanaweza kuliezeka wenyewe kwa nyasi, wanachotaka ni mtu wa kuwafundisha kushika randa, kwa sababu kila fundi aliyekuja aliondoka na mikono yake. Nikakumbuka majeneza yote niliyowatengenezea watu wa Magwagwa, na sikumfundisha hata mtu mmoja kupiga pembe. Nilitaka waendelee kuniita. Wale vijana niliwafundisha, kila Jumamosi isipokuwa waliokuwa wakisali siku hiyo, hao tukawapangia Jumapili. Walikuwa wananikosoa usoni. Mmoja aliniambia ninaeleza haraka kama mtu anayekimbilia basi. Sijapata kufurahi hivyo.

Halafu ukaja mwaka jana, baada ya kuvuna wimbi. Wewe ulikuwa shuleni. Nilikuwa nimeinama kwenye meza, mlango wa ua ukalia, nikajua kwa jinsi ulivyolia kwamba aliyeusukuma ameusukuma kwa bega, kama mtu mwenye mizigo. Mama yako alisimama kwenye mlango wa karakana. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na miguu yake ilikuwa myekundu mpaka magotini. Mkononi alishika kamba ya mgomba, ile kavu, imekunjwa vizuri, na ilikuwa na mafundo mawili.

"Mama amekufa," akasema. "Sasa tengeneza."

Akanipa ile kamba. Fundo moja lilikuwa urefu na jingine lilikuwa mabega. Alikuwa amempima mwenyewe, kabla ya kuondoka, ili mimi nisihitaji kukumbuka chochote. Nilipoishika sikuweza kuona vizuri, na yeye akageuka akatazama ukutani zilipotundikwa misumeno mpaka nikapangusa uso.

Mbao zilikuwa darini, zile zile zilizobaki, zimekauka miaka yote. Alikaa kwenye kigoda chako na kila nilipohitaji mtu wa kushika upande wa pili aliinuka akashika. Alinieleza kwamba mzee alikufa akiwa amelala, kwamba jioni yake aliomba ndizi ya kuchoma na akaimaliza. Nilipotaka kuunganisha ubavu, akaweka kiganja juu ya ubao.

"Punguza hapa," akasema. "Alikuwa amekonda."

Nikapunguza. Halikuwa zuri kama lile la kwanza, kwa sababu muda ulikuwa mfupi, na pembe moja ilibaki na mwanya ambao niliujaza kwa gundi na unga wa mbao. Lakini liliingia uani kwa nyanya yako na watu wakalipisha njia. Mjomba Mogaka alilipokea kwa mikono yake. Mimi nilisimama nyuma na wakwe wengine, mahali pa mkwe, na sikusema neno lolote kuhusu mbao.

Sasa nakurudia wewe. Unakwenda kupewa ujuzi wa kutisha kuliko wangu. Utagusa mkono wa mtu, utasikiliza anavyopumua, na utajua kabla ya mama yake, kabla ya mume wake. Utajua na hakuna atakayekuwa amekuuliza. Halafu utapanda Nyaramba siku zako za mapumziko, hakuna mshahara, hakuna mkubwa wa kukukemea, na watu watakushukuru kwa kila kitu, hata kwa kosa. Hapo ndipo ninapokuogopea. Usimtazame mtu aliye hai kwa macho ya aliyekwisha mmaliza. Kama amekaa juani, mpe uji. Kama ndugu zake wanasema kesho atainuka, keti nao mpaka hiyo kesho. Ujuzi wako uwe karibu, uwe umekauka vizuri darini, lakini ungoje mtu aje na kamba yake. Na wakikuambia ukweli unaouma, wape kiti. Siwezi kukuahidi kwamba utafanikiwa, mimi mwenyewe sikufanikiwa.

Mara nyingi nawaza ile siku. Ningeliitikia nilivyoitwa. Ningepanda Magwagwa na sukari mkononi na kofia kichwani, nikaketi pale nje, nikamwona mzee anakunywa uji, nikacheka naye kwa mbali kama mkwe anavyocheka. Mama yako angerudi na mimi Jumapili. Wewe ungelala miaka yote ile chumba kinachopakana na cha mama yako. Hakuna zaidi ya hapo kilichotakiwa kwangu, na kilikuwa rahisi hivyo. Ninajuta, Zaituni. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Kesho lori litapitia Magwagwa na mama yako atakuwa barabarani, Mogaka ameniletea habari. Nakuomba jambo moja. Usimwombe arudi. Usimwambie baba amezeeka, usimwambie nyumba ina baridi, ingawa yote mawili ni kweli. Nakujua, utakuwa umeshapanga maneno tangu Nyamira. Yaache. Mshike, mlie kama mtalia, apokee ile leso uliyomnunulia, upande lori. Swali lako la juzi ni lake yeye kulijibu, atakapotaka, na mimi sitatangulia tena mbele yake. Chumba chake sijakifagia kwa namna ya kumngoja. Kitanda chake nimekiacha bila kamba. Siku akisema, nitakisuka wakati anaoga.

Na mlango. Siku ile tulipomaliza kazi, vijana wakiwa wanapakia jeneza, mama yako alipitia pale mlangoni ukalia, akasimama akaugusa. "Huu bado unalia?" akaniuliza. Nikamwambia kesho nitautia mafuta. "Wacha," akasema, akatoka.

Basi nimeuacha. Kesho alfajiri utakapotoka na sanduku lako utalia tena, na Mama Rehema atachungulia dirishani acheke fundi huyu asiyejitengenezea. Mwache acheke. Sitautia mafuta mwanangu, wala kwa ajili yake wala kwa ajili ya majirani. Nataka anayerudi nimsikie kabla hajabisha hodi, awe mama yako, au uwe wewe.

Nausikia sasa. Umerudi, na unamwita shangazi yako. Ngoja niifiche karatasi.

Baba yako,
Saidi